Nyongeza ya Mkalimani

Kibuyu, kile chombo cha chuma cha kupandishia wapiga mbizi, kiligota kwenye shingo ya tangi kwa mlio wa sufuria iliyomponyoka mpishi, na wote waliokuwa juu ya Jukwaa lililoelea ziwani wakaachia pumzi. Kilikuwa kimetoka Kilindini, kituo kilichojengwa mita mia mbili chini ya maji ya Ziwa Tanganyika, kikipandishwa na kamba yake ya chuma polepole kama bwana harusi aliyeanza kuwa na mashaka. Ndani walikuwemo watu wawili: Wilondja, mwendeshaji wake, na Asende, fundi wa kuchomelea, aliyelala kwenye machela akiwa amekumbatia tumbo. Kidole tumbo chake kilikuwa kimevimba tangu jana, na sasa kilitishia kupasuka.

Kashindi alibandika uso kwenye kidirisha cha Kibuyu, kioo kinene kama mkate. Yeye ndiye msawazishaji wa Jukwaa. Hakuna mlango uliofunguka kati ya presha moja na nyingine bila ufunguo ulioning'inia shingoni mwake.

"Yaya Kashindi," alisema Wilondja, ambaye kwao yaya ni dada mkubwa, "utafungua, ama unangoja tulete mahari?"

"Mahari ya nani? Nani ataolewa na mtu anayepanda na kushuka kutwa kama ndoo ya kisima?"

"Msinichekeshe," Asende alinung'unika kutoka kwenye machela. "Nikicheka napasuka, na nikipasuka nitawachafulia Kibuyu chenu. Kitasuguliwa na nani?"

Kashindi alicheka kwa niaba yake. Kazi ile ilikuwa imemfundisha kwamba mgonjwa anayetania bado yupo upande wetu.

Wala lisingewezekana lile la kumtoa Asende tu na kumkimbiza hospitali ya mjini. Damu ya mtu aliyeishi Kilindini imeshiba gesi kama soda ambayo haijafunguliwa. Mfungue ghafla na yeye atafoka vilevile. Hushushwa presha kidogo kidogo, siku baada ya siku, ndani ya tangi. Kwa kuwa mgonjwa hangeweza kumfuata daktari, daktari alimfuata mgonjwa. Asubuhi ile Daktari Inamahoro aliingia kwenye tangi na visu vyake, akajifungia, akaomba asukumiwe presha ya Kilindini. Mwanamke aliyekuwa na safari ya kwenda Bujumbura kwenye harusi ya mdogo wake! Akishaingia hatoki mpaka tangi limwachie, hata agundue amesahau mswaki nyumbani. Kashindi alipomwona anauvuta ule mlango kama mtu anayefunga duka lake mwenyewe, alitamani kumpigia saluti.

Sasa kati ya daktari na mgonjwa ulibaki mlango mmoja wa duara, ambao mtu mnene angeupita kwa kuvuta tumbo ndani.

"Tangi limefika," alisema Mkalimani sikioni mwa Kashindi, kwa ile sauti yake ya msoma taarifa ya habari. "Kibuyu kimefika. Baa ishirini nukta mbili. Sawa."

Kashindi aliingiza ufunguo. Na kwa kuwa jicho haliwezi kukaa bure, lilipita juu ya bega la Wilondja na kutua kwenye geji ya Kibuyu, ile ya mshale, yenye uso wa manjano kama meno ya mvuta kiko. Mshale ulisimama kwenye ishirini. Haukuzidi hata unywele.

Mkono ukasita.

Hapa inabidi kueleza jambo, na lielezwe upesi maana Asende anaumwa. Kilindi kilijengwa na nchi nne zinazolizunguka ziwa, na kila nchi ilikuja na mashine zake na namna yake ya kupima presha. Kule chini hupima kwa mita za maji yaliyowakalia kichwani. Kibuyu hupima kwa kilo: kilo moja ni mzigo wa pakiti ya sukari uliotua kwenye eneo la ukucha wa kidole gumba, na ni sawa na mita kumi za maji. Jukwaa hupima kwa baa, ambayo ni nzito kuliko kilo kwa kiasi cha vijiko vitano vya chai vya sukari. Tangi la hospitali hupima kwa paundi, kama fundi wa matairi. Presha ni moja, majina manne. Zamani kila aliyepewa namba aliirudisha kwa sauti katika kipimo chake kabla hajagusa koki, na hilo liliitwa kuitikia. Kisha akaletwa Mkalimani, mtambo wa kutafsiri. Huyo alinyoosha sauti za watu wa chini, ambao heliamu wanayoivuta huwafanya waongee kama vifaranga wa bata, na papo hapo akambadilishia kila mtu namba za mwenzake. Mmoja akisema mita, mwingine alisikia kilo. Kuitikia kukafa. Watu wakawa wanasema tu "nimefika".

Lakini Kashindi alikuwa amejifunza kuitikia kabla hajajifunza kusuka nywele zake vizuri. Pima unga kwa kikombe kikubwa, utahesabu vikombe vichache. Baa ni kikombe kikubwa kuliko kilo. Kama kwa kilo ni ishirini, kwa baa lazima iwe chini ya ishirini. Mkalimani amesema ishirini nukta mbili. Imezidi.

"Wilondja, geji yako inasemaje?"

"Hii? Sindano iko pa makumi mbili. Lakini ni ya kizee, Yaya, siku zote inabakia nyuma. Bukuru kule chini alinipa mita zake, Mkalimani akaniambia kilo makumi mbili na nukta tatu. Mi nafuata Mkalimani."

"Na ukanipa mimi hiyo hiyo ya Mkalimani."

"Sasa nikupe ya nani?"

Kashindi alihamia kwenye laini ya tangi. "Daktari, una paundi ngapi?"

"Mia mbili tisini na nane, kama nilivyoambiwa. Kwani kuna nini? Nimeshavaa glavu, usinifanye nizivue."

Kashindi alipiga hesabu akitumia vidole, meno na maombi. Kilo ishirini ni paundi mia mbili themanini na nne. Upande wa daktari ulizidi kwa paundi kumi na nne, karibu kilo moja nzima. Kilo moja kwenye kila ukucha. Mlango ule ulikuwa na kucha karibu elfu tatu, na ulifunguka kuelekea kwenye Kibuyu, mahali hasa kilipolala kichwa cha Asende. Angezungusha ufunguo, chuma kile kingeruka kikiwa na mzigo wa karibu tani tatu mgongoni.

Aliuchomoa ufunguo taratibu, kama mtu anayetoa mkono mdomoni mwa mbwa aliyelala.

*

Chumba cha Mama Chisha kilikuwa ngazi moja tu juu, lakini Kashindi alifika akihema. Alimkuta mwanamke huyo kwenye kiti chake cha magurudumu, chai pembeni, macho kwenye vioo vya mitambo. Mama Chisha Mwila ndiye aliyemtunga Mkalimani. Magoti aliyaacha Kilindini, katika miaka ile ya mwanzo ambapo watu walishuka wakiwa na mawazo makubwa na mahesabu madogo. Kashindi alimheshimu kuliko alivyomheshimu mtu yeyote aliye hai.

"Mama. Mkalimani anaongeza."

Alitarajia kuambiwa amechoka. Mama Chisha aliweka kikombe chini.

"Moja na nusu katika kila mia," alisema. "Kila anapobadilisha. Umegundua vipi?"

"Mshale wa Wilondja."

"Aa. Wilondja na madude yake ya zamani." Alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu anayesifu. "Wote wengine hudhani geji zao ndizo mbovu. Watu wapole sana hawa. Mtu anaona mshale wake umetofautiana na Mkalimani, anaona aibu kusema, anaulaumu mshale."

"Mama, kwa nini?"

"Unawakumbuka Mulonda na mwenzake? Hapana, ulikuwa hujaja. Hewa ya mpiga mbizi inasukumwa kwa bomba. Ukiisukuma kwa presha ya kina alipo, anapumua. Akiteleza mita mbili zaidi kwenye shimo lililo nje ya kituo, ziwa linashinda bomba, hapumui. Niliwaambia waongeze kidogo. Waliongeza wiki moja. Wiki ya pili wakasema wao ni mafundi, hawahitaji kudekezwa. Niliwavuta kwa mikono hii." Aliitazama mikono yenyewe, bila kuionea huruma. "Basi nilipomtunga Mkalimani nikaweka nyongeza ndani yake, wasiyoiona. Tangu hapo sijamvuta mtu."

Na ilikuwa kweli. Kilindini hapakuwa na kaburi jipya tangu Mkalimani aanze kazi. Kashindi mwenyewe aliwahi kuteleza kwenye lile shimo, akatoka anacheka, akawasimulia watu wiki nzima jinsi mapafu yake yalivyo imara. Kumbe yalikuwa mapafu ya Mama Chisha.

"Ila namba hii imepita vinywa vitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Mita kwenda kilo, kilo kwenda baa, baa kwenda paundi. Umeongeza mara tatu. Mlango una tani karibu tatu."

Mama Chisha alifumba macho, akahesabu, akayafumbua. "Sikuwahi kufikiria daktari ataingia tangini akipokea namba kutoka chini kabisa. Hakuna daktari aliyewahi kuwa na kichaa hicho." Kisha, haraka: "Mwambie atoe paundi kumi na nne. Kimyakimya. Mwambie geji yake imezidi, atoe, ufungue."

"Na wengine?"

"Wengine wasijue. Sikiliza, mwanangu. Nyumbani kwetu Mpulungu mama alikuwa ameitanguliza saa ya ukutani ili tuwahi shule. Tuliwahi, mpaka siku kaka yangu alipojua. Kuanzia hapo tulikuwa tunaondoa zile dakika kichwani, na kila mtu alikuwa anaondoa kiasi chake. Tukawa wa mwisho shule nzima. Ukiwaambia leo kwamba Mkalimani anaongeza, kesho kila mpiga mbizi ataondoa kichwani. Mmoja ataondoa sana. Ndipo utakapoijua kazi ya kuvuta."

Kashindi alishuka ngazi.

*

"Daktari," alisema kwenye laini ya pembeni, ambayo wengine hawakuisikia. "Naomba utoe paundi kumi na nne."

"Mkalimani amesema nimefika."

"Najua. Toa tu."

"Kashindi, mimi siyo mlevi wa kuambiwa toa tu. Nimekaa humu nikishinikizwa kama ndizi mbivu chini ya gunia. Kwa nini nitoe?"

Sentensi ilikuwa tayari ulimini. *Geji yako imezidi.* Maneno matatu tu. Lakini Kashindi aliyatazama yalipokuwa yanakwenda. Daktari angetoa paundi kumi na nne, angefungua tumbo la Asende, na kwa saa zote atakazokuwa ameinama na kisu angekuwa anaitazama ileile geji kupimia hewa ya oksijeni ya mgonjwa, akiwa ameambiwa na mtu anayemwamini kwamba geji inadanganya. Geji ya kweli kabisa. Angeondoa kichwani. Labda kidogo, labda sana. Saa ya ukutani ya Mpulungu ilikuwa tayari imeingia chumba cha upasuaji.

"Kuna nini?" alisema Wilondja kutoka kidirishani. "Asende ameacha kutania."

Asende alikuwa amegeuka rangi ya majivu ya mkaa.

Kashindi alifungua laini zote, akaangalia juu kwenye kioo cha chumba cha Mama Chisha. Mama alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza, yeye ambaye magoti yake hayakumruhusu kusimama. Walitazamana. Hakuna aliyetikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

"Jamani, wote," alisema Kashindi. "Kilindini, Kibuyu, tangi. Mkalimani anaongeza namba. Amekuwa akiongeza kila anapobadilisha, makusudi, ili tusife. Na kweli hatujafa. Lakini leo ameongeza mara tatu na mlango huu utamuua Asende. Geji zenu ni nzima. Zote. Namzima Mkalimani. Tunarudi kuitikia."

Akaibonyeza swichi ya Mkalimani.

Zikalipuka kelele za banda la bata. Bila Mkalimani kuzinyoosha, sauti za watu walio kwenye heliamu ziliruka nyembamba na za kuchekesha, hata zilipokuwa na hasira. Sauti ya kwanza kueleweka ilikuwa ya Wilondja.

"Kumbe sindano yangu ni mwaminifu!" alilia kwa sauti ya kifaranga. "Miaka yote naitukana! Nimeiita mlevi, nimeiita mchawi, na iko inasema kweli tu!"

"Utaiomba radhi baadaye," alisema Kashindi. "Bukuru! Anza, taja namba."

Bukuru alikuwa mkuu wa zamu Kilindini, mtu wa Kasulu, mwenye umbo la kabati. Sauti iliyotoka kwake ingemfaa msichana wa chekechea, lakini ilikuwa tulivu kabisa.

"Kilindini. Mita mia mbili."

"Kibuyu," Wilondja aliitikia. "Kilo makumi mbili. Ya sindano."

"Jukwaa. Baa kumi na tisa nukta sita," alisema Kashindi, na mgongo wake ukasisimka, maana namba zilikuwa zimekaa pamoja kama ndugu waliopotezana. Geji nne za nchi nne, na hakuna hata moja iliyokuwa imekosea siku zote hizo.

"Tangi," alisema Daktari Inamahoro. "Inatakiwa mia mbili themanini na nne. Ninayo mia mbili tisini na nane. Kumbe mlitaka kumtia mgonjwa wangu mlango kichwani. Natoa."

Tangi likaanza kutoa mluzi. Ukungu ulijaa ndani mpaka daktari akabaki kivuli chenye glavu mbili zilizoinuliwa. Koki alikuwa anaizungusha kwa kiwiko asizichafue. "Tisini na tano. Tisini na moja." Hakuna aliyemwambia aharakishe, na hakuna aliyemwambia apunguze. Kila alipotaja namba yake Kashindi aliitikia kwa baa, Wilondja kwa kilo, na Bukuru, ambaye hakuwa na mlango wowote wa kufungua na angeweza kwenda kunywa uji, aliitikia kwa mita kutoka chini kabisa ya ziwa, asiruke hata moja. Walikuwa hawajafanya hivyo kwa muda mrefu. Vinywa vilikumbuka. Wilondja alikosea mara moja, Bukuru akamrekebisha, Wilondja akasema aksanti, wakaendelea.

"Hesabu zenu," Asende alipumua, "ndiyo zitaniua. Si tumbo."

"Yuko hai!" Wilondja akapiga kelele. "Matusi yamerudi!"

"Themanini na nne," alisema daktari. Mluzi ukakatika. "Nimefika. Samahani. Paundi mia mbili themanini na nne."

"Baa kumi na tisa nukta sita."

"Kilo makumi mbili."

"Mita mia mbili."

Kashindi alizungusha ufunguo. Aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya chuma cha mlango, kana kwamba mkono wa mtu ungezuia tani tatu, na akausikia unalegea. Mlango ulifunguka kama wa kabati la nguo. Daktari Inamahoro aliinama, akapitisha mikono yake miwili katika lile duara, akamshika Asende mabegani.

"Karibu, dada," alisema kwa sauti ya bata. "Vumilia kidogo tu."

Waliiona machela ikiingia, mlango ukifungwa, na taa ya upasuaji ikiwaka nyuma ya kidirisha. Wilondja alibaki ndani ya Kibuyu peke yake, amekaa sakafuni, akiifuta geji yake uso kwa kona ya shati.

Ndipo sauti ya Bukuru ilipopanda.

"Jukwaa. Nina wapiga mbizi wawili wako mlangoni, wanakwenda kufunga bomba ambalo Asende aliliacha nusu. Huyo Mkalimani alikuwa anaongeza kiasi gani?"

Kashindi alikivuta kisemeo karibu.

"Nauliza ili tujue cha kuondoa," alisema Bukuru, kwa upole wake wote.

Mama Chisha alikuwa ameshushwa, kiti na mwenyewe, na sasa alikuwa pembeni ya Kashindi. Hakumlaumu. Alikitazama kisemeo. Kashindi aliona mkono wake, ule uliomvuta Mulonda, umekaa juu ya swichi ya Mkalimani bila kuibonyeza. Ingetosha kuibonyeza. Wale wawili wangetoka na akiba yao, bila kuijua, wakarudi.

"Hakuna cha kuondoa, Bukuru," alisema Kashindi. "Amezimwa. Taja namba yako, na mwenye mashine ya hewa akuitikie."

Mwenye mashine ya hewa alikuwa Wilondja. Koki yake ilikuwa ndani ya Kibuyu, na bomba lilifuata kamba mpaka Kilindini.

"Haya. Kilindini. Mita mia mbili."

Wilondja alisimama. Kupitia kidirishani Kashindi alimwona anakwenda kwenye mashine, anaweka mkono kwenye gurudumu la koki, anautazama mshale, kisha anageuka kuutazama mlango wa duara ambao ulikuwa karibu kumuua rafiki yake.

"Kibuyu," alisema. "Kilo makumi mbili ni ya ziwa. Na moja naongeza miye, Wilondja, juu ya sababu kule kuna shimo, na mtu akichoka anateleza. Mnasikia? Hiyo moja isikuwe siri. Ni yangu. Mtu asiiguse."

Mkono wa Mama Chisha ulianguka kutoka kwenye swichi.

Kutoka chini, nyembamba kama filimbi ya mtoto, Bukuru aliitikia.

"Mita mia mbili za ziwa. Kumi za Wilondja. Wapiga mbizi wanatoka."